Kupima Joto Bila Kugusa



Bila shaka mnakumbuka mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona. Mlangoni mwa benki au hospitali alisimama mtu ameshika chombo mfano wa bastola. Alikuelekezea kwenye paji la uso, akasoma namba, akakuambia, "Pita." Wako waliosema kwamba chombo kile hutoa mwali unaodhuru ubongo, wakanyosha mkono badala ya uso. Basi leo tukitazame.

Kaa karibu na jiko la mkaa, uelekeze kiganja chako kwenye makaa bila kuyagusa. Unasikia joto. Limekujia kwa miale ambayo jicho halioni. Mwaka 1800, huko Uingereza, mtaalamu William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana hapana kitu. Kipimajoto kikapanda! Miale ile sasa huitwa infraredi. Kila kitu huitoa: ng'ombe, jiwe, ukuta, hata wewe unayesoma. Kitu kikizidi kuwa moto, huzidi kuitoa.

Chombo chetu huipokea miale inayotoka mwilini mwako, kikahesabu na kuandika namba. Hakikutumii kitu. Vipo vingine vyenye nukta nyekundu ya mwanga. Hiyo ni ya kulengea tu, wala haipimi. Lakini usimmulike mtu machoni kwa nukta hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hukosea. Chombo hiki huona ngozi ya juu tu. Homa iko ndani.

Mama ametembea juani saa saba mchana, mtoto mgongoni. Akipimwa papo hapo, paji la mtoto litasoma joto kubwa, kumbe limechomwa na jua. Mama mwingine amekuja asubuhi ya mwezi wa Julai, na upepo wa Singida mnaujua. Mtoto ana homa kweli, lakini ngozi imepoa. Chombo chasoma 36. Mama anafurahi, anarudi nyumbani. Huyu wa pili ndiye anayenitia hofu.

Kwa hiyo mtoto akae kwanza ndani, kivulini, kama nusu saa. Mfute jasho, sogeza nywele au kofia. Kioo cha chombo kiwe safi, na chombo chenyewe kiwe kimekaa katika chumba hicho hicho. Kishike kwa umbali ulioandikwa katika maelezo yake. Kwa kawaida ni sentimita chache tu. Ukiwa na shaka, tumia kipimajoto cha kwapani. Kwapani, digrii 37.5 au zaidi ni homa. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea, mpeleke zahanati mara moja, namba iwe yoyote. Huko atapimwa malaria kwa tone la damu, jambo ambalo chombo hiki hakiwezi.

Wafugaji wa kuku nao hukitumia, ila cha aina nyingine, cha kupimia vitu. Vifaranga wa juma la kwanza hutaka joto la digrii 32 hadi 35, nawe waweza kupima sakafu walalapo bila kuwashtua. Aina hii usiitumie kwa watu, kwa kuwa yaweza kukosea digrii moja au mbili. Kwa kifaranga si neno; kwa mtoto ni tofauti ya mzima na mgonjwa.

Mkipata chombo hicho cha vitu, fanyeni jaribio hili. Chemsheni maji katika sufuria ya alumini. Huku kwetu juu maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Pimeni ubavu wa sufuria uliojaa masizi, kisha ubavu uliosuguliwa ukang'aa. Ule unaong'aa utasoma chini sana, kwa sababu kitu king'aacho hutoa miale michache. Asiyeamini asiuguse! Andikeni namba zote mbili katika madaftari yenu, tuzitazame pamoja katika somo lijalo.