Goma: namna ya kujitengenezea sanduku la kompyuta kwa mbao

Katika vibanda vingi vya fotokopi mjini Goma, kompyuta ya mezani ndiyo inalisha familia. Lakini mashine hiyo ina maadui wawili wa kila siku: vumbi na joto. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na vumbi jeusi la mawe hayo linaingia kila pahali.

Sanduku la chuma likivunjika ao kula kutu, wengine wanaacha mashine wazi juu ya meza. Hapo vumbi linajaa ndani, na vidole vya watoto vinafikia nyaya. Mwenye msumeno na mbao anaweza kujitengenezea sanduku lingine nyumbani.

Kwanza ni kupima. Kadi mama, ile bamba kubwa inayobeba vyote, ina vipimo vinavyojulikana: kubwa ya ATX ni milimita 305 kwa 244, ya kati ni 244 kwa 244, ndogo ni 170 kwa 170. Kisha pima alimantasio, kile kisanduku cha kuleta umeme, na uache nafasi ya nyaya na ya mkono wa fundi.

Tripleksi ya milimita 9 ao 12 inatosha. Katoni haifai: haibebi uzito, na inaweza kushika moto. Sanduku la zamani nalo usilitupe lote. Kata ile sahani ya chuma inayoshika kadi mama pamoja na mgongo wake, uijengee mbao pembeni. Hivyo matundu ya nyaya yanabaki pahali pake.

Kama sahani hiyo imeharibika, kadi mama isilale moja kwa moja juu ya ubao. Chini yake kuna ncha za chuma, na hewa inahitaji kupita. Vipande vya mrija wa kalamu ya Bic, vya milimita 6 hivi, vikiwekwa chini ya kila tundu la visi, vinaiinua vizuri.

Jambo kubwa ni njia ya hewa. Hewa baridi iingie mbele, chini. Hewa ya moto inapanda, basi itokee nyuma, juu. Vantilateri ya milimita 120 iwekwe mbele ikivuta hewa ndani, na tundu lake lifunikwe na kipande cha soksi nyepesi ya wanawake. Soksi inashika vumbi, na inafuliwa kila juma. Vantilateri ya alimantasio nayo ipate tundu lake. Ikifunikwa na ubao, mashine itazimika yenyewe kwa joto, ao itaungua.

Kifungo cha kuwasha si shida. Kadi mama ina ncha mbili ambazo zinagusishwa kidogo tu, kisha zinaachiliwa. Kifungo cha kengele ya mlango kinafanya kazi hiyo. Ila swichi ya taa haifai: inabaki imefungwa, na kisha sekunde 4 hivi mashine inazimika tena.

Kuna mambo mawili ya kuheshimu. Alimantasio isifunguliwe hata siku moja, hata ikiwa imechomolewa, kwani ndani kunabaki umeme unaoweza kuua. Pia, nyumba nyingi hazina prizi yenye waya wa ardhi. Ndiyo maana sanduku la chuma mara ingine linapiga mkono kidogo. Mbao haipitishi umeme, lakini visi na matundu ya nyaya bado yanaweza kupiga. Dawa ni kumwita fundi wa umeme aweke waya wa ardhi, si kubadilisha sanduku tu.

Mbele ya kufunga kila kitu, washa mashine ikiwa wazi, uone kama inafanya kazi. Kisha uifunge, uiache itumike saa moja, na uguse mbao upande wa juu. Ikiwa ni vuguvugu, sawa. Ikiwa ni ya moto, ongeza tundu nyuma.

Sanduku kama hilo pengine halitapendeza kama la dukani. Lakini likipumua vizuri, kibanda kinafunguka kesho asubuhi, na watoto wanakula.