Daftari la simuni lisikufungie methali zako
Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Je, daftari lenyewe likipotea? Tuseme wewe ni mwanafunzi wa isimu kule Nyamira, unakusanya methali za Ekegusii pamoja na makala za mtandaoni kuzihusu. Pocket, iliyotunzia watu makala, ilifungwa Julai 2025. Evernote nayo, Desemba 2023, iliwawekea wasiolipa kikomo cha madokezo 50. Basi kabla ya kupendezwa na sura ya programu, uliza: nikihama, nitaondoka na vyangu? Obsidian huweka kila dokezo katika faili ya maandishi ya kawaida, ndani ya kifaa chako. Zotero hunasa makala pamoja na jina la mwandishi na tarehe, jambo linalomfaa mtafiti. Chagua, kisha weka nakala kando.