Mlango Una Sheria, Nyumba Je?

Katika miji ya kale ya mwambao wetu inawezekana kabisa mlango ukalindwa na sheria ya nchi, na ukuta ulioubeba usilindwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda jengo lolote lililojengwa Tanzania Bara kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo husubiri tangazo la Waziri. Mlango wa kuchonga umepewa muda mrefu zaidi: ukiwa ulichongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940, tayari ni kitu kinacholindwa, na kuusafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Tuuchukue mwaka huo wa 1863 tuzunguke nao Pangani. Mji huu wa kaskazini mwa mdomo wa mto ulikuwa bandari ya pembe za ndovu na watumwa, na wavumbuzi Waingereza Burton na Speke waliufikia mwaka 1857. Boma lake husimuliwa kuwa la 1810, hivyo linaingia ndani ya mstari wa sheria. Lakini nyumba nyingi za maduka za Mtaa wa India, zenye roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia, ni za miongo iliyofuata, biashara ya Wahindi iliposhamiri. Forodha ni ya zama za Mjerumani, na utawala huo ulikita mizizi hapa baada ya Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, kunyongwa mjini humu Desemba 1889. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni hukiita mji wa kale iko upande wa pili wa tarehe. Huko Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, msikiti na makaburi ya karne nyingi zilizopita yanalindwa bila ubishi. Ukiipima sheria kwa matokeo yake, imelielewa gofu vizuri kuliko nyumba ambayo bado watu wanaishi ndani.

Tofauti ya gofu na nyumba ni paa. Nyumba ya mawe ya mwambao ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, katika kuta zinazoweza kufika nusu mita kwa unene. Chokaa yenyewe hutokana na mawe hayohayo: huchomwa juu ya magogo, humwagiwa maji, kisha huachwa iive kabla fundi hajaigusa. Sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, aghalabu bila kuzidi mita tatu upana. Duka liko chini, familia iko juu, baraza iko mbele kwa mazungumzo na kivuli. Kila kiungo kinamtegemea mwenzake. Boriti huoza kwanza pale ncha yake inapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo unyevu unapojificha. Bati likitoboka juu ya ukuta, maji hushuka katikati ya mawe, chokaa hulainika, ukuta huvimba tumbo, na mvua kubwa ya masika humaliza kazi.

Adui wa pili ni saruji, ambayo mara nyingi hupakwa kwa nia njema. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye hewa ya bahari, kisha huutoa polepole kupitia plasta ya chokaa. Saruji huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, huganda kuwa fuwele na kulisukuma tabaka zima nje. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole, utasikia mlio wa kitu kitupu. Baada ya muda bamba la saruji hudondoka likiwa limebandukana na uso wa jiwe. Mwenye nyumba huona chokaa imemwangusha, kumbe ni kiraka.

Kilichozifikisha nyumba hizi karne ya 21 hakikuwa sheria. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara kutokea Tanga, na biashara ya bara ikafuata reli. Pangani ikabaki na nyumba zake bila fedha ya kuzibomoa na kujenga upya. Huko Uingereza, kijiji cha Lavenham kina historia inayofanana: nyumba zake za fremu za mbao zilijengwa kwa utajiri wa vitambaa vya sufu, biashara ikadorora karne ya 16, na watu wakakosa uwezo wa kuzibadilisha. Tofauti inaanzia kwenye sheria. Kwa kawaida, jengo likiingia kwenye orodha ya Uingereza, ulinzi hulishika zima, ndani na nje, pamoja na ngazi na dari, na mlango haukatwi kutoka ukuta wake.

Kunakili orodha hiyo tu hakutoshi kwetu, kwa sababu swali la mwambao ni nani anayelipia bati. Nyumba nyingi za kale ni za urithi. Warithi ni wengi, baadhi wako Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, na hakuna mmoja mwenye sauti ya kuagiza fundi. Kwa upande wa majumba ya kupangisha, Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha yale yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, kabla hayajahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji wa jengo la namna hiyo hana sababu ya kubadili boriti, na mwenye jengo yuko mbali na uvujaji.

Halmashauri ya mwambao inaweza kuanza na kazi ndogo: kuandika hali ya paa la kila nyumba ya mawe, kuruhusu matengenezo ya haraka hata warithi wakiwa bado hawajakubaliana, na kufundisha vijana kuchoma na kuivisha chokaa, maana fundi wa chokaa akikosekana kibali chochote ni karatasi. Fedha zikiwa chache, za kwanza ziende kwenye mabati, za pili kwenye plasta ya chokaa, na rangi za kuwapendeza watalii zije mwisho.