Macho ya Sanamu

Fundi anayechonga sanamu ya mtu hupata pua, mdomo na masikio kwa kisu chake. Macho ndiyo yanayomsumbua. Jicho la mtu aliye hai lina maji, na nuru hung'aa juu yake. Mti haung'ai hivyo, wala udongo. Kwa sababu hiyo, tangu zamani, mafundi wa nchi nyingi wametafuta kitu kingine cha kutia mahali pa macho.

Ukitoka Bukavu kwenda upande wa machweo, utafika katika misitu ya Mwenga na Shabunda. Huko wanakaa Warega, na wengine wako Pangi, katika Maniema. Wazee wao wa chama cha Bwami walikuwa na sanamu ndogo za mti, za mfupa na za pembe ya ndovu. Sanamu nyingine zilitiwa macho ya kauri, yale makombe madogo meupe ambayo watu wengi huyaita simbi. Ziwa Kivu halina kauri. Zilitoka Bahari ya Hindi, zikapita mikononi mwa wachuuzi, soko hata soko, mpaka msituni. Fundi alichimba shimo, akatia utomvu wa mti, akabandika kauri, ufa wake ukitazama nje. Utomvu ulipokauka ulishika kama gundi. Tazama vema ufa ule: ni kama jicho la mzee aliyefumba nusu, akisikiliza shauri.

Sanamu moja ya Bwami huitwa Sakimatwematwe, ndiyo kusema Bwana Vichwa-vingi. Ina nyuso nyingi, nazo zinatazama pande mbalimbali. Ilifundisha kwamba mzee anayeamua shauri hana budi kuona pande zote kwanza.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikataza Bwami. Sanamu nyingi zilichukuliwa Ulaya, na leo nyingine ziko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mtoto wa Kirega akitaka kuona kazi ya babu zake, mara nyingi huiona katika picha tu. Tena, utomvu ukizeeka hupasuka na kauri huanguka, hata sanamu nyingine zimebaki na jicho moja.

Wamisri wa kale walikuwa hodari zaidi katika kazi hii. Walitumia jiwe jeupe kwa weupe wa jicho, na mbele yake jiwe linaloangaza kama maji safi. Mwaka 1871, huko Meidum, wachimbaji walifungua kaburi lenye sanamu za Rahotep na mkewe Nofret. Husimuliwa kwamba mtu wa kwanza kuingia na taa aliona macho yakimwangalia gizani, akakimbia. Macho yale yalikuwa na umri wa miaka zaidi ya 4,000!

Siku hizi mafundi wengi hutumia macho ya resini. Resini hii ni utomvu uliotengenezwa na watu: maji mawili mazito huchanganywa kwa kipimo, yakawa magumu bila moto. (Yakiwa bado maji hudhuru ngozi, basi kazi hiyo ni ya watu wazima.) Jicho lina mgongo wa mviringo kama tone la maji, na mboni imepakwa rangi nyuma yake. Ule mviringo huikuza mboni, nasi tunadhani jicho lina kina.

Macho haya hutiwa hasa katika udongo wa plastiki, ambao huokwa kwa joto la digrii 130 hivi. Jicho la kioo huweza kuokwa pamoja nao. Jicho la resini likiokwa huweza kulegea au kugeuka manjano. Fundi mwenye akili hulikandamiza mahali pake ili kupata shimo, hulitoa, huoka sanamu, kisha hulirudisha kwa gundi. Kope huziongeza mwisho.

Udongo wa bondeni una tabia nyingine: hupungua unapokauka. Ukishindilia ushanga ndani yake ungali mbichi, udongo utaubana na kupasuka kandokando. Mbegu nayo itaungua motoni. Basi chimba shimo kubwa kidogo kuliko jicho, anika sanamu, ichome, ndipo utie macho.

Wanaoanza huweka macho juu mno, karibu na nywele. Pima kichwa kutoka utosini mpaka kidevuni: macho yako katikati kabisa. Na kati ya macho mawili pana nafasi ya jicho moja. Ukiisha kubandika, ilaze sanamu chali hata kesho yake, ili macho yasiteleze kabla gundi haijakauka.