Simu Imeandika Vizuri, Lakini Nani Ataulizwa?



Mwaka uliopita kikundi kimoja cha akina mama, si mbali na Kitengela, kiliniletea maombi ya mradi wa maji niyasome kabla hayajapelekwa kwa mfadhili. Kurasa tisa, zimepigwa chapa safi, Kiingereza cha kupendeza. Nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nikasema, "Mmefanya kazi nzuri," nikapiga muhuri. Wacha nikiri hilo mapema, maana nami nina mkono wangu katika yaliyofuata.

Mgeni wa mfadhili alipokuja kututembelea, alifungua karatasi zake akauliza: "Lile shamba lenu la kumwagilia maji, la ekari tano, liko upande gani?" Akina mama wakaangaliana. Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, akatazama chini. Shamba halipo. Wana kuku, wana kazi ya ushanga, wana mbuzi wachache, na wana shida ya maji. Mgeni akauliza tena juu ya paa la nyumba yao ya mikutano ambalo, kwa mujibu wa ukurasa wa nne, lingekinga lita 200,000 za mvua kwa mwaka. Hilo nalo hakuna aliyeweza kulieleza. Alikunywa chai, akaaga kwa heshima, na barua iliyofuata ilisema hapana.

Yule kijana si mwongo. Alikuwa ameingia kwenye simu, katika ile programu inayoitwa ChatGPT, akaandika mstari mmoja tu: niandikie maombi ya mradi wa maji kwa kikundi cha akina mama Kajiado. Mengine yote mashine ilijaza yenyewe.

Sasa, hii mashine ni kitu gani? ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, siku ileile Hustler Fund ilipozinduliwa hapa Kenya. Ziko na nyingine za namna hiyo, kama Gemini ya Google. Kwa jumla wataalamu wa Kiswahili huziita akili unde. Lakini jina lisiwatishe. Nikisimama katika baraza la chifu nikasema, "Haraka haraka," watu wote watanijibu, "haina baraka." Hakuna aliyekaa kufikiri kama mimi nina haraka kweli. Wamejibu kwa sababu wamezoea kusikia maneno hayo yakifuatana. Mashine nayo imelishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni hiyo: kukisia neno gani huwa linafuata neno gani. Ukiiambia "kikundi cha akina mama" na "maji", yenyewe inakujibu yale ambayo vikundi vya akina mama duniani vimezoea kuandikiwa. Shamba la kumwagilia liliingia hivyo. Haikukusudia kudanganya, haijui tu kwamba ninyi mpo.

Tena maandishi iliyolishwa mengi ni ya Kiingereza. Ya Kiswahili ni machache, na ya Kimaasai ni machache zaidi. Wafugaji mnajua olopololi, ile nyasi mnayowatengea ndama karibu na boma, na mnajua ina uzito gani wakati wa olameyu. Mashine yaweza kukueleza neno hilo sawasawa, au ikakutungia maana kwa sauti ileile ya uhakika. Wewe ndiwe utakayeona tofauti, si mfadhili aliye Nairobi au Roma.

Na msidhani mashine hii imejifunza peke yake. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi hapa Nairobi, mji ambao watu wa Kitengela huenda kazini kila asubuhi, walikuwa wakisoma maandishi machafu ya ukatili na unyanyasaji na kuyawekea alama, ili mashine ifunzwe kuyatambua. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kanisa nalo limeona jambo hili. Papa Leo XIV alipokutana na makardinali tarehe 10 Mei 2025, aliwaambia kuwa alichagua jina lake kwa kumkumbuka hasa Leo XIII, aliyetoa barua ya Rerum Novarum mwaka 1891 wakati wa viwanda, na kwamba akili unde inaleta leo maswali mapya juu ya utu, haki na kazi ya binadamu.

Je, tuitupe? Mimi sisemi hivyo. Katibu wa kikundi ambaye Kiingereza kinamsumbua, na ambaye saiba inamtoza kwa kila ukurasa, amepata msaidizi. Ila mwenye kutumwa asianze kutuma.

Anzeni bila simu. Kaeni chini ya mti kama mlivyozoea. Walioanza kazi hii zamani watakumbuka mafunzo ya DELTA, yaliyoanza Kenya mwaka 1974 na Anne Hope na Sally Timmel kutokana na mawazo ya Paulo Freire wa Brazili: watu kwanza huitazama hali yao wenyewe, wanaitaja kwa maneno yao, wanauliza kwa nini iko hivyo. Karatasi nzuri huzaliwa hapo. Ulizaneni: Tuko wangapi? Maji yako umbali gani, kwa miguu, ukiwa na mtungi mgongoni? Mwaka ule wa kiangazi tulipoteza nini? Tumechanga pesa ngapi sisi wenyewe? Katibu aandike kama mnavyosema, hata kama Kiswahili kimechanganyika na Kimaasai au Kikamba.

Tazameni tofauti. Mashine inapenda kuandika hivi: "Kikundi chetu kimejitolea kuleta mabadiliko chanya na endelevu kwa kuwawezesha wanajamii kukabiliana na changamoto za tabianchi." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Lakini futa jina la Kajiado, weka kikundi cha wavuvi wa Kisumu, na bado itakaa vizuri tu. Basi juu yenu haijasema kitu. Akina mama niliowataja, walipokaa upya, walisema hivi:

"Tuko wanachama 27, wanawake 22 na wanaume 5. Tunachota maji kwenye bwawa, mwendo wa saa moja na nusu kwenda peke yake. Mwaka 2022 bwawa lilikauka, tukawa tunanunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 50. Mwenyekiti alikuwa na ng'ombe 31, wakabaki 4. Tuna nyumba ya mikutano yenye paa la mabati, mita 10 kwa mita 6. Tumeweka akiba shilingi 38,400."

Hapo kuna mtu anayeongea. Mfadhili anajua kwamba kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu nyingi za nchi kavu. Hilo ameshalisoma mahali pengine. Asilolijua ni wale ng'ombe 31.

Na zile lita 200,000? Hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa la mita 1 mraba inatoa lita 1. Paa la mita 10 kwa 6 ni mita 60 za mraba. Tuseme mwaka huo imenyesha milimita 400: 60 mara 400 ni lita 24,000. Ondoa kama sehemu moja ya tano inayomwagika na kupotea, unabaki na lita 19,000 hivi. Maji hayo yanajaza tanki la lita 10,000 karibu mara mbili kwa mwaka. Mashine ilikuwa imeongeza mara kumi, na sisi sote, nami nikiwemo na diploma yangu, tukapitisha.

Mkishaandika yenu, sasa mpeni simu kijana. Aiambie: "Nisahihishie lugha tu. Usiongeze jambo ambalo sikuandika, na usibadilishe nambari." Akitaka Kiingereza, aseme hivyo hivyo. Hata mkiiagiza namna hiyo, mara nyingine itaongeza kitu kidogo cha kupamba. Kwa hiyo chukueni kalamu, mpigie mstari kila nambari, kila jina la mahali na kila ahadi. Kwenye kila mstari ulizeni: nani kati yetu anajua jambo hili? Asipopatikana mtu, likatwe. Ahadi ndizo za kuogopa zaidi, maana mashine haichoki kuahidi. "Tutawafunza vijana 500," inasema. Nani atawafunza, na watakaa wapi? Bajeti nayo jumlisheni kwa mkono au kwa kikokotoo, kwa sababu nimeshaona jumla isiyolingana na mistari iliyo juu yake.

Halafu karatasi isomwe kwa sauti mbele ya kikundi kizima, na itafsiriwe kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa. Jambo hili msilirukie. Mhariri bora niliyewahi kumwona ni mama mmoja mzee asiyejua kusoma hata herufi. Yeye hashangazwi na Kiingereza. Anasikiliza tu, na akisikia lisilo kweli anasema, "Hapo, rudi."

Katiba ya kikundi ni nzito kuliko maombi ya msaada, na hapa nawaomba mnisikilize. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi kinachotaka kusajiliwa hupeleka katiba yake pamoja na orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano. Wengi wetu tunaona ni karatasi ya ofisini tu, bora ipite. Kikundi kimoja upande wa Kajiado kilitengenezewa katiba na simu kwa dakika tano. Wanachama wakatia sahihi, wengine kwa kidole gumba. Ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba mwanachama akikosa mikutano mitatu mfululizo anapoteza uanachama na akiba yake yote. Katika kikundi chao hakuna aliyewahi kusema neno hilo, wala katika mkutano wala nje yake.

Kisha mama mmoja akafiwa na mume. Miezi minne alikuwa kwao, na mambo ya mazishi, na kesi ya shamba. Aliporudi kudai akiba yake alipe karo, mweka hazina akamfungulia katiba. Kifungu kipo, na kidole chake kipo. Tulikaa vikao vitatu. Wengine walisema sheria ni sheria, kumbe sheria yenyewe haikutungwa na mtu yeyote. Mwishowe walimrudishia pesa na kifungu kikabadilishwa. Lakini yeye hakurudi kikundini, na sioni nitamlaumu kwa lipi. Kwa hiyo katiba isomwe kifungu kwa kifungu, na kila kifungu kipigiwe mikono, ndipo kalamu ya sahihi itolewe.

Jambo moja zaidi, na ni fupi. Nambari za vitambulisho, nambari za simu na habari za ugonjwa wa wanachama zisiandikwe kwenye programu hizi kabisa. Mnaweka maneno hayo mikononi mwa kampuni ya mbali, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Vikundi vya wanaoishi na virusi vya UKIMWI mnanielewa. Andikeni "mwanachama wa kwanza, mwanachama wa pili", na majina mtayajaza kwa mkono.

Wale akina mama wa Kitengela wameandika maombi mapya, safari hii kwa mfadhili mwingine. Kurasa tisa zimekuwa tatu. Kijana bado ndiye katibu, na bado anatumia simu yake, ila anaanza na daftari. Waliponiletea, nilikaa nikasoma zote tatu kabla ya kugusa muhuri, nikakuta tanki moja limehesabiwa mara mbili katika bajeti. Walirekebisha hapo hapo mezani kwangu, na siku ya Jumatatu wakapeleka. Jibu tunalingojea.