Manowari za Beira na Bomba la Tunduma

Mfanyakazi wa Tunduma hahitaji kufundishwa thamani ya mafuta. Malori ya kwenda Zambia humpitia mlangoni usiku na mchana. Na bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lapita katika ardhi ya mkoa wake wa Songwe. Bomba hilo lina historia ambayo yafaa tuikumbuke.

Tarehe 11 Novemba, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa Rhodesia, yaani uhuru wa wachache juu ya migongo ya wengi. Serikali ya Uingereza ilikataa kuwaondoa kwa nguvu, ikachagua kuwanyima mafuta. Kuanzia Machi 1966 manowari zake zilizunguka mbele ya bandari ya Beira. Manowari haikai baharini bila mafuta. Hivyo zilihudumiwa na meli maalumu, ambazo zilizijazia mafuta kwa mipira mirefu huku meli zote mbili zikienda sambamba mawimbini. Kazi hiyo yategemea pampu na vipuri vyake: kimoja kikikosekana, meli ya kuhudumia haina kazi, na manowari hurudi bandarini. Ulinzi huo uliendelea hadi mwaka 1975.

Je, ulifaa nini? Mlango wa Beira ulifungwa, lakini ule wa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, na ule wa Afrika Kusini iliachwa wazi. Smith akapata mafuta yake. Aliyeumia ni ndugu yetu Zambia, ambaye mafuta yake yalikuwa yakipitia Rhodesia. Ikabidi mapipa yabebwe kwa ndege, na kwa malori yaliyopita Tunduma katika barabara ya vumbi na matope iliyowaua madereva wengi. Ndipo nchi zetu mbili zikajenga bomba, likafunguliwa mwaka 1968: Zambia ina theluthi mbili, Tanzania theluthi moja.

Basi tujifunze. Wenye manowari walikuwa na meli, pampu na mafundi, wakakosa nia. Sisi nia tulikuwa nayo. Lakini nia peke yake haisukumi mafuta kuvuka milima. Bomba hilo, ambalo tangu mwaka 2023 lasafirisha dizeli badala ya mafuta ghafi, lina umri wa zaidi ya nusu karne. Pampu ikisimama kwa kukosa beringi moja, mzigo wote hurudi barabarani, na foleni ya Tunduma hurefuka.

Kwa hiyo hatuna budi kudai mambo matatu. Ghala la vipuri lijazwe kabla ya shida, si baada yake. Vijana wafunzwe na mafundi wazee kabla wazee hao hawajastaafu. Na kila kipuri kinachoweza kuchongwa katika karakana zetu kisiagizwe ng'ambo. Fedha ya vipuri haina sherehe wala utepe wa kukatwa, na ndiyo maana huwa ya kwanza kupunguzwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.