Fahamu: Komunyo mara ngapi kwa siku?

Umekomunika kwenye Misa ya mazishi asubuhi, jioni kuna Misa ya ndoa. Unaruhusiwa kupanga foleni tena? Ndiyo. Kanuni ya 917 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inaruhusu kupokea mara ya pili siku hiyohiyo, ila ndani ya Misa unayoshiriki. Kuingia wakati wa komunyo tu kisha ukaondoka si kushiriki. Mara ya tatu hapana, Vatikani ilifafanua mwaka 1984. Aliye katika hatari ya kufa hupewa hata kama amekwisha kupokea.

Wajibu wenyewe wa kukomunika ni mdogo mno: mara moja kwa mwaka, kipindi cha Pasaka. Mwenye dhambi ya mauti aanzie kwenye kitubio. Na ufunge saa moja kabla ya komunyo. Maji na dawa ruksa.